Andika ulichosikia: ninavyofundisha unukuzi wa kifonetiki kwa wanafunzi wa tiba ya matamshi

Wanafunzi wangu huingia darasani siku ya kwanza wakiamini unukuzi, yaani kuandika kwa alama maalumu kila sauti inavyosikika, hautawasumbua. Kiswahili, wanasema, huandikwa kinavyotamkwa. Naanzia hapo hapo, maana tahajia yetu ndiyo inayowaziba masikio.

Siku hiyo jedwali la alama naliacha mkobani. Naandika ubaoni neno "mbuni" mara mbili: ndege, na mti wa kahawa. Wanatamka huku wakipiga makofi kwa kila silabi. Ndege ana silabi mbili, [ᵐbuni]; mti una tatu, [m̩buni], kwa sababu m yake inajitegemea. Akiwapo mwanafunzi wa Mombasa, namshikisha kipande cha karatasi nyepesi mbele ya mdomo, aseme paa wa mwituni, kisha paa la nyumba. Kwa mnyama karatasi inacheza, [pʰ]. Kwa nyumba inatulia. Sasa wameelewa kwa nini tunahitaji alama nyingine.

Alama zenyewe nazifundisha kwa mdomo kwanza: hewa inazuiwa wapi, inapitaje, koo linatetema au la. Kidole kooni, s kisha z. Hilo halichukui muda.

Kinachochukua muda ni kithembe. Nina rekodi ya mtoto wa miaka mitano akitaja picha: samaki, sabuni, kisu. Mara ya kwanza karibu darasa zima huandika [samaki], ilhali mtoto amesema [θamaki], θ ikiwa th ya "thamani". Wameandika neno wanalolijua. Nikirudia rekodi, wanageukia upande wa pili na kuandika [θ] kila mahali. Hapo nawasimamisha kwenye "kisu". Ulimi umegusa meno tu, haujatoka nje: [s̪]. Mtoto huyu yuko karibu na s anapoelekea kwenye u, na mimi ningeanza tiba hapo. Aliyeandika [θ] tupu ameipoteza habari hiyo.

Kwa hiyo kila kipindi natenga dakika kumi za imla ya maneno yasiyo na maana: "sufapi", "ɬiku" (ɬ ni sauti ya hewa inayopita pembeni mwa ulimi), "θazo". Hayana tahajia ya kukimbilia, inabidi sikio lifanye kazi. Tukipata video, natumia video. Ulimi uliotoka kati ya meno huonekana kabla ya kusikika.

Nawasisitizia pia wamnukuu mama au baba wa mtoto. Mtu anayesema "samani" akimaanisha thamani huenda kwao th haitumiki kabisa. Hiyo ni lahaja, haihitaji tiba, na inaniuma mtoto akiandikiwa kasoro kwa sababu ya lafudhi ya nyumbani.

Kwa mtoto mwenye kaakaa lililopasuka, wachukue kioo kidogo cha mfukoni, wakishike chini ya pua yake akisema "papa". Kioo kikipata ukungu, hewa inavuja puani, nao wanaandika [p͋]. Alama hiyo imo katika nyongeza ya alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa iliyotolewa 1990 kwa ajili ya matamshi yenye kasoro.

Sisahihishi kwa jibu langu peke yake. Wawili wawili hulinganisha unukuzi wao, hupigia mstari mwekundu kila wanapotofautiana, na tunasikiliza vipande hivyo tu, mara tatu, si zaidi. Baada ya wiki mbili wananukuu rekodi ile ile upya bila kuangalia karatasi ya zamani, kisha kila mmoja anajilinganisha na yeye mwenyewe.