SOMO: Kutambua picha za Japani za karne ya 19 zilizopakwa rangi kwa mkono

Wakuu, kila mara naulizwa swali lilelile: "Hii ni ya Beato?" yaani Felice Beato, mpiga picha aliyekuwa na studio Yokohama, Japani. Someni hapa kwanza.

1. Shika picha pembeni, mikono ikiwa mikavu.

2. Itazame kwa lenzi. Picha hizi zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai: ni nyembamba, hujikunja, na sehemu nyeupe hugeuka manjano. Ukiona vinukta vya wino, hiyo imechapwa mashineni.

3. Fuata rangi. Ilipakwa kwa brashi baada ya picha kusafishwa, hivyo nakala mbili hazifanani: kimono hichohicho hapa bluu, kule zambarau. Kagua ukingo wa mwavuli. Mara nyingi rangi imevuka mstari kidogo.

4. Jina la mpiga picha. Hapa wengi huumia, na wauzaji wanajua. Beato alifika Yokohama 1863, moto wa 1866 ukateketeza studio yake, akaanza upya, na 1877 akauza studio pamoja na negatifu (mabamba ya kuchapia picha) kwa wapiga picha Stillfried na Andersen. Mwaka 1885 studio hiyo ikanunuliwa na Farsari, mpiga picha mwingine. Kusakabe Kimbei, aliyewahi kufanya kazi kwa Beato, naye alikuwa na negatifu za wenzake. Kwa hiyo negatifu moja iliuzwa na maduka tofauti. Usiamini jalada la laka (vanishi ya Kijapani inayong'aa): mteja alijichagulia picha za albamu. Usiamini mwandiko wa kalamu pembeni. Linganisha namba na maelezo meupe yaliyo chini ya picha na orodha za studio husika.

MASWALI

— Mkuu, yangu ni ya Beato? Bei gani?
Hujaweka hata picha ya karibu. Rudi hatua ya 4.

— Nimeifuta kwa kitambaa chenye maji, rangi inatoka.
Acha sasa hivi! Ni rangi za maji. Iache ikauke yenyewe, imelala, usiiguse.

— Fundi mmoja wa rangi alimaliza picha ngapi kwa siku?
Swali zuri sana, dada. Kwa Farsari, mbili au tatu tu, ndiyo maana kazi zake zilisifiwa. Ukipata yake, tazama nyuzi za obi (mkanda wa kimono) kwa lenzi. Utaona subira ya mtu.

— Naweza kuitundika ukutani?
Mwanga hufifisha rangi. Tundika nakala, halisi iweke gizani kwenye bahasha isiyo na asidi.

— Na albamu nzima?
Ilaze, usiisimamishe. Kurasa zake ni nzito, mgongo huchanika.