SOMO: Mbeya, Iringa, Njombe: upige tizi saa ngapi?

Kila ikifika Juni wanachama wangu huniuliza lilelile: "Mwalimu, asubuhi au jioni?" Na wengi wanaouliza wameshaamua alfajiri, kwa kuwa wameona klabu za jogingi za Dar zinatoka saa 11. Mimi nami nilihamia Mbeya na akili hiyo. Julai, saa 11 na nusu alfajiri, kaptura na fulana, natoka mtaa wa Soweto kuelekea Forest, humuhumu mjini. Kabla ya kilomita moja kuisha kigimbi kikakaza kama kamba. Nikarudi nachechemea, na majirani ndiyo kwanza wanafungua milango.

Basi tupange kwa hali ya hewa ya huku, tuiache ya Kinondoni.

Hatua ya 1: Fuata jua

Nchi nzima tunatumia saa ileile, ila Mbeya iko magharibi mno ya Dar, hivyo jua hutufikia dakika kama 25 baada yao. Juni na Julai Mbeya linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi. Anayekimbia saa 11 miezi hiyo anakimbia usiku: mitaro iliyo wazi, mbwa waliofunguliwa, bodaboda asiyewasha taa. Desemba jua linatoka kama saa 12 na dakika 20, hapo alfajiri inaeleweka. Iringa linawahi dakika chache kuliko Mbeya, si nyingi.

Ukilazimika kutumia kandokando ya barabara kuu ya Tunduma, kimbia upande wa kulia, malori yaje usoni pako. Ukiwa kushoto yanakuja mgongoni, huyaoni.

Kwa bahati jua linalochelewa kutoka huchelewa pia kuzama. Hata Juni una mwanga mpaka saa 12 na nusu jioni.

Hatua ya 2: Ujue mwili unaamkaje

Joto la mwili hushuka chini kabisa usiku wa manane kuelekea alfajiri, halafu hupanda taratibu mchana kutwa. Kilele chake ni kati ya saa 10 na saa 1 jioni, ndiyo maana watu wengi jioni wana kasi na wanainua uzito zaidi. Asubuhi misuli bado migumu. Mgongo nao, ukilala, diski zilizo kati ya pingili hufyonza maji na kuvimba kidogo. Kuinama na kuinua vitu vizito, au kupiga zoezi la tumbo mara tu unapotoka kitandani, ni kuutafutia mgongo ugomvi. Subiri walau nusu saa. Saa nzima ni bora zaidi.

Hapa Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgeni aliyetoka Tanga akihema wiki ya kwanza asidhani amezeeka, apunguze mwendo tu.

Kwa hiyo asubuhi ya baridi anzia ndani: dakika 10 za kutembea papo hapo, kuzungusha mabega, kuchuchumaa na kuinuka, mpaka uone sweta linakukera. Hapo ndipo utoke. Ukirudi vua nguo zenye jasho kabla ya chai, usikae nazo.

Hatua ya 3: Uwe na ratiba mbili

Hapa ndipo wengi hushindwa, maana wanataka saa ileile mwaka mzima. Novemba mpaka Aprili mvua yetu hupenda kujikusanya mchana na kushuka alasiri, tena na radi. Mwenye ratiba ya saa 11 jioni ataahirisha Jumatatu, Jumatano, na Ijumaa atakuwa ameshasahau. Msimu huo chukua asubuhi. Mei mpaka Agosti hamia jioni, au saa 3 asubuhi kama kazi inaruhusu. Septemba na Oktoba vumbi na upepo vinachosha, na hapo asubuhi inapata tena thamani.

Watu wa Tukuyu, mvua yenu haina ratiba. Nunueni kamba ya kuruka.

Hatua ya 4: Tafuta muda usioibiwa

Kwangu hii inazidi zote zilizotangulia. Andika wiki nzima ni nani au nini kinakula muda wako. Mwenye duka Mwanjelwa anayefunga saa 1 usiku hana jioni, hata vitabu viisifu vipi. Mama anayeandaa watoto wa shule hana saa 12 asubuhi. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatosha, na wala si lazima siku zote tano ziwe saa ileile.

Hatua ya 5: Jipime

Wiki mbili asubuhi, wiki mbili jioni. Kila siku andika daftarini ulilalaje, pumzi ilikuwaje, na kama ulikosa, kwa nini. Penye siku chache za kukosa ndipo pako.

MASWALI YA WANACHAMA

Uyole: Mwalimu, nalima saa 1 mpaka saa 6 mchana. Bado nahitaji mazoezi?

Jembe ni mazoezi, mama, tena makali. Usiongeze mbio. Jioni nyoosha mgongo na nyonga dakika 10, basi.

Kihesa, Iringa: Nikikimbia tumbo tupu nitapungua haraka?

Mwili utachoma mafuta zaidi wakati ule wa kukimbia, lakini uzito unaamuliwa na jumla ya unachokula na unachotumia. Kama ni mzima na ni mbio nyepesi za nusu saa, kunywa maji uende. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asijaribu kabla ya kupima na kuongea na daktari wake.

Mafinga: Kaka, natoka zamu ya usiku kiwandani saa 1 asubuhi. Nipitilize mazoezini?

Hapana, lala. Uchovu na vyuma havipatani. Fanya jioni kabla ya kuingia zamu.

Mbeya mjini: Nina miaka 67 na presha. Wanangu wananihimiza nitembee alfajiri.

Shikamoo mzee. Waambie wasubiri. Presha hupanda mtu anapoamka, na baridi nayo hubana mishipa. Toka saa 3 au saa 4, jua likiwa limeshika, na dawa umeze kama ulivyoandikiwa. Kifua kikibana, simama, na upelekwe hospitali mara moja.

Njombe: Nafanyia ndani saa 3 usiku baada ya ugali. Kuna ubaya?

Baada ya ugali wa kushiba tembea taratibu tu. Hiyo inasaidia hata sukari ya damu. Mazoezi makali yatangulie chakula, na yaishe saa moja au zaidi kabla ya kulala. Wengi hawapotezi usingizi kwa mpango huo.

Sisimba: Jumamosi tunapanda mlima Loleza. Tuanze saa ngapi?

Kiangazi, saa 1 na nusu, mkiona njia vizuri. Masika ondokeni kukipambazuka, na saa 6 mchana iwakute mnashuka, kwa ajili ya radi. Kilele kina mita 2,656, kwa hiyo kila mtu abebe sweta kavu mfukoni. Kule juu jasho hugeuka barafu kabla hamjamaliza kupiga picha.