Somo: Kuchora ramani ya Kibuye kwa masikio, pua na nyayo

Juzi nilimuuliza mama muuza ndizi pale soko la Kibuye, Kisumu, mashine ya kusaga iko upande gani. Hakunyoosha hata kidole, mikono ilikuwa imejaa. "Nenda tu hivi mpaka nyundo zikuingie kichwani. Ukisikia omena, kata kushoto. Mashine utaisikia mwenyewe." Nilifika bila kuuliza tena.

Mama yule ana ramani kamili, na jicho halikutumika. Tena lugha yetu imekaa mkao huo huo: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi. Kazi iliyobaki ni kuihamishia kwenye karatasi. Mimi huifanya na vijana wa mtaa siku za Jumapili, soko likiwa limefurika.

Vifaa ni daftari lisilo na mistari, penseli mbili (wino huchafuka jasho likidondoka), saa, na mwenzako wa kukulinda. Simu ibaki mfukoni. Mtu akianza kurekodi huacha kusikiliza.

Hatua ya 1: Jua hatua zako

Pima mita 50 kwa kamba, tembea mwendo wako wa kawaida, hesabu. Mimi hupata hatua 68, kwa hiyo hatua 136 kwangu ni mita 100. Basi.

Hatua ya 2: Simama dakika tano

Usitembee bado. Weka nukta katikati ya karatasi, hiyo ni wewe. Mbele yako ni juu ya karatasi. Funga macho, na kila sauti uiweke upande wake. Mwenzako awe macho kweli, maana mwenye mkokoteni akishapiga mluzi hangoji mtu.

Tafuta kwanza sauti ya chini isiyokoma. Kibuye ni tuktuk na magari ya barabara kuu. Halafu zile zinazokuja na kuondoka: makanga, kuku, mtu anayenadi mitumba. Mwisho tafuta sauti inayokwambia uko hapa na si kwingine. Mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser walizigawa karibu hivyo hivyo miaka ya 1970.

Kwangu sauti ya Kibuye ni nyundo za mafundi wa jua kali, na nyundo nazo si moja. Fundi wa masanduku hupiga bati pana, mlio unatetemeka na kubaki hewani. Fundi wa majiko anakunja ukingo: mapigo mafupi, mawili mawili, kisha kimya anapogeuza. Ukizoea, utajua nani amefungua na nani bado hajafika.

Hatua ya 3: Pua na upepo

Hapa ndipo nilipoaibika. Mara ya kwanza nilienda saa tisa alasiri, nikachora duara kubwa la omena kwenye mstari wa mitumba. Wiki iliyofuata vijana wakaibeba ramani yangu asubuhi, wakaenda kutafuta omena, wakakuta suruali. Walinicheka mwezi mzima.

Kosa lilikuwa la upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu yake hupanda, na ya ziwani huja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa tanga wanaujua mzunguko huo tangu zamani: usiku unawasukuma, mchana unawarudisha. Basi harufu yangu ya omena ilikuwa imesafiri, mimi nikaiandikia makao. Sasa kila harufu naiwekea mshale wa upepo na saa. Isiyo na mshale naihesabu kuwa uvumi.

Jambo jingine: pua huchoka. Ukikaa dakika chache ndani ya harufu moja, huisikii tena, na bado ipo. Andika palepale inapokupiga, weka alama inapoanza na inapokatika. Ukitaka kuhakikisha, toka kwenye hewa safi kwanza, ndipo urudi. Na usitafune mandazi njiani.

Hatua ya 4: Miguu na ngozi

Lami, murram, kokoto, tope: andika kila inapobadilika, pamoja na idadi ya hatua. Jua pia lisome kwa shavu. Kisumu iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo asubuhi, mwezi wowote, likikupiga shavu la kulia unaelekea upande wa kaskazini. Saa sita mchana halikusaidii, liko utosini.

Hatua ya 5: Chora hapo hapo

Ukingoja ufike nyumbani utachora unachodhani. Sauti zichore kwa mawimbi, harufu kwa vitone (vizito karibu na chanzo), ardhi kwa vistari. Rangi sizikatazi, ila nimeona watu wakimaliza saa nzima wakichagua rangi ya vitunguu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kakamega: Mwalimu, mimi nataka kuchora msitu. Huku hakuna nyundo wala makanga. Nianzie wapi?*

Anza alfajiri, mbega wanaponguruma, kundi moja likijibu jingine. Simama mahali pawili, kila mahali chora mstari kuelekea sauti ya kundi lile lile. Mistari inapokatana ndipo walipo. Hondohondo utasikia mabawa yake kabla hujamwona. Mchana kukiwa na radi, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila tatu ni kama kilomita moja. Zikishuka chini ya thelathini, funga daftari utafute jengo.

*Kutoka Nyalenda: Alfajiri adhana ya mjini naisikia kama iko uani kwangu. Mchana hata nikitega sikio, hakuna. Nichore ipi?*

Zote mbili, karatasi mbili. Alfajiri magari ni machache, lakini si hilo tu. Usiku ardhi hupoa, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa inapanda hupinda kurudi chini. Jua likishaipasha ardhi, sauti hupinda kwenda juu na kukuacha.

*Kutoka Nakuru: Marehemu baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha pareto, alikuwa akirudi nguo zinanukia. Harufu ile sijaisikia miaka. Ina nafasi kwenye ramani?*

Pole, kaka. Ina nafasi. Ichore kwa mstari wa kukatika na uandike miaka unayoikumbuka. Kisha waulize majirani wa rika la baba yako, uone vitone vyao vinaangukia wapi.

*Kutoka Ahero: Binti yangu ana miaka tisa, haoni vizuri. Anaweza kuja?*

Mlete, mama. Atatufundisha. Akitembea, yeye ndiye ashike kiwiko cha mwenzake, nusu hatua nyuma, asivutwe mkono. Mwonyeshe pia kupiga ulimi kwenye kaakaa, ta, ta, akiwa karibu na ukuta, halafu kwenye uwazi, asikie tofauti ya mwangwi. Daniel Kish wa Marekani, asiyeona tangu utotoni, hutembea hivyo na kuwafundisha wengine.

Ramani yake tutaitengeneza ya kugusa: uzi uliogundishwa uwe lami, mchanga uwe murram, maharagwe yawe nyundo. Kwa omena tafuteni kitu kingine. Kijana wetu mmoja aligundisha omena halisi, akaiacha ramani mezani usiku, na asubuhi tukakuta paka amemaliza upande wote wa magharibi.