Somo: Jinsi Programu Inavyoitafuta Njia ya Faili Lake Ili Ipakie Moduli

Programu inayobeba moduli zake (vipande vya msimbo inavyovipakia ikiwa inaendeshwa) katika saraka iliyo kando yake haina budi kujua faili lake liko wapi, kwa kuwa mtumiaji anaweza kuihamishia popote. Wengi hutegemea saraka ya kazi, yaani ile aliyokuwemo mtumiaji alipoiita programu. Akiiita kutoka kwingine, moduli hazionekani ingawa hazijaondoka mahali pake.

Hatua ya kwanza: achana na argv[0], yaani hoja ya kwanza ambayo kwa kawaida hubeba jina la programu. Thamani hiyo huwekwa na programu iliyoianzisha yako, nayo iko huru kuandika chochote.

Hatua ya pili: uulize mfumo endeshi. Katika Linux, soma kiungo /proc/self/exe, kinachoelekeza kwenye faili la programu inayoendeshwa, kwa funksheni readlink, ukikumbuka kwamba readlink haiweki baiti ya sifuri (alama ya mwisho wa maandishi) mwishoni, hivyo ni juu yako kuiweka kwa kufuata idadi ya baiti iliyorudishwa (kosa hili hujificha vizuri, kwa sababu mara nyingine bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu inayopokea jibu, huwa na sifuri tayari). Katika Windows, ita GetModuleFileNameW ukiipa NULL, maana yake faili la programu yenyewe. Bafa ya herufi 260 haitoshi nyakati zote, kwa hiyo idadi iliyorudishwa ikilingana na ukubwa wa bafa, ipanue ujaribu tena. Katika macOS, _NSGetExecutablePath huweza kurudisha kiungo badala ya faili halisi, basi pitisha jibu lake kwenye realpath, inayofuata viungo hadi faili halisi.

Hatua ya tatu: ondoa jina la faili, unganisha saraka iliyobaki na ile ya moduli, kisha ipe funksheni ya kupakia moduli, dlopen (Linux na macOS) au LoadLibraryW (Windows), njia kamili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimesasisha programu ikiwa bado inaendeshwa kwenye Linux, na sasa njia inaishia na neno deleted ndani ya mabano. Nimekosea wapi?

Jibu: Umesoma sawasawa, faili la zamani limefutwa na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inakuarifu hivyo. Isome njia programu inapoanza, uihifadhi. Hata hivyo, moduli utakazozikuta hapo huenda ni za toleo jipya, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Swali: Je, msimbo wangu ukiwa ndani ya maktaba iliyopakiwa na programu nyingine?

Jibu: Hapo /proc/self/exe itakupa njia ya programu hiyo nyingine. Tumia dladdr, inayotaja anwani imo katika faili gani, uipe anwani ya funksheni iliyomo katika maktaba yako, kisha usome dli_fname, sehemu ya jibu yenye njia ya faili hilo.