Kuchagua risasi ndogo ya kuwinda kuchakuro, sungura na wanyama waharibifu

Kwanza amua kama nyama italiwa. Kwa kuchakuro wa mitini na sungura wa vichakani huko Marekani, risasi ya .22 LR (Long Rifle; namba ya mwanzo ni kipenyo kwa inchi) inatosha kabisa, na ndiyo nafuu kuliko zote. Kichwa chake cha gramu 2.6 hutoka mtutuni kwa mita 380 hivi kwa sekunde. Rekebisha darubini ipige sawasawa kwenye mita 50, na mnyama aliye zaidi ya mita 70 mwache. Ikifika mita 100 risasi hiyo imeshashuka sentimita 15 hadi 18, na nguvu imepungua. Mnyama atajeruhiwa akafie shimoni.

.17 HMR (Hornady Magnum Rimfire), iliyotoka mwaka 2002, ni ya wanyama waharibifu wanaochimba mashimo malishoni. Gramu 1.1 tu, lakini karibu mita 780 kwa sekunde. Ukiirekebisha kwa mita 100, mshuko wa kabla ya hapo hauhesabiki. Adui yake ni upepo: ule wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni huisukuma takriban sentimita 10 kwenye mita 100, na kwenye mita 150 zaidi ya mara mbili. Tena risasi hii hupasukia mwilini, kwa hiyo sungura wa kuliwa umpige kichwani tu.

.22 WMR (Winchester Magnum Rimfire) ya mwaka 1959 hubeba uzito ule ule wa .22 LR kwa mita 570 kwa sekunde. Inafaa kwa mbweha. Kamwe usitie .22 LR kwenye chemba yake: inaingia, lakini inapwaya na ganda hupasuka.

Risasi hizi zote kiwashio chake kimo ndani ya ukingo wa kitako. Kisipoenea vizuri pale pini inapogonga, hailipuki. Weka mtutu upande salama, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Kisha tazama ukingo: alama ikiwa imezama, kosa ni la risasi, ikiwa hafifu, safisha bunduki na ukague springi ya pini.

Bunduki mbili za aina moja hupenda risasi tofauti. Nunua boksi moja moja la aina nne. Kila unapobadili aina, piga kumi za kuzoesha mtutu (kwa .22 LR, uzoee nta mpya iliyopakwa kwenye vichwa vya risasi), halafu tano tano kwenye mita 50, bunduki ikiwa imeegemezwa. Aina iliyokusanya matundu karibu zaidi, rudi dukani uchukue maboksi yenye namba ile ile ya toleo, yaani risasi zilizotengenezwa kundi moja.