SOMO: Jinsi ya kubadili msosi upunguze maumivu sugu bila kukonda

Habari wapendwa. Hili ni la wenzangu wenye maumivu yasiyoisha, viungo, mgongo, misuli, halafu ni wembamba kiasi kwamba ukipungua kilo 2 tu watu wanaanza kukuuliza unaumwa nini. Mimi niliacha sukari na vya kukaanga vyote siku moja, na kweli vidole vikaanza kukunjuka asubuhi bila shida, ila miezi miwili baadaye nimepungua kilo 4 na mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Nilitoa bila kuweka.

Hatua ya 1: Pima uzito kabla hujabadili kitu, asubuhi ukitoka chooni, hujanywa hata chai. Rudia mara moja kwa wiki, siku ileile.

Hatua ya 2: Toa kitu kimoja kila baada ya wiki 2 au 3. Anza na soda, halafu soseji na nyama za kusindika, halafu vya kukaanga. Kila jioni andika maumivu, 0 mpaka 10, na ulivyolala. Ukitoa vitano kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kinakuchokoza.

Hatua ya 3: Hapa ndo penyewe. Soda ya mililita 500 ina kalori kama 200, ukiiacha lazima zirudi kwa mlango mwingine. Gramu ya mafuta ina kalori 9, wanga na protini 4 tu, kwa hiyo kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya zeituni kinakupa kama 120, yamimine kwenye supu au mboga ikishaiva, unakoroga yanapotea. Ongeza parachichi, karanga, na samaki wa mafuta kama sadini mara 2 kwa wiki, wana omega 3 inayosaidia kutuliza uvimbe wa viungo, ila vumilia, inaweza kuchukua hata miezi 3.

Hatua ya 4: Protini kila mlo, yai, maharage, samaki, maana misuli ikiisha viungo vinabeba mzigo peke yao. Hamu ikikata kula kidogo kidogo mara 5 au 6. Na dawa za daktari usiache jamani, chakula ni msaidizi.

MASWALI

Mume wangu ana gauti, sadini anaweza?
Hapana dada, sadini wana purini nyingi zinazopandisha asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti. Mpe mayai, maziwa, na mafuta ya zeituni kama kawaida.

Natumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), mboga za majani je?
Usiache wala usiongeze ghafla mkuu, zina vitamini K inayopunguza nguvu ya hiyo dawa. Mwambie daktari kwanza.

Mimi sijabadili chochote ila nimetoka kilo 60 mpaka 56 ndani ya miezi mitano, nianzie hatua ipi?
Usianze hata moja ndugu yangu. Kupungua zaidi ya asilimia 5 bila kukusudia kunahitaji vipimo, nenda hospitali wiki hii, na hizo namba zako za uzito uende nazo.