Pima Mbolea ya Kukuzia kwenye Ploti Ndogo Kabla ya Kuinunua kwa Shamba Zima

Mkulima aliyeweka urea, yaani mbolea ya kukuzia, msimu huu akavuna mahindi mengi kuliko msimu uliopita hana bado ushahidi kwamba urea ndiyo iliyoleta ziada hiyo. Huenda mvua ilinyesha vizuri zaidi, huenda alipalilia mapema, huenda viwavijeshi vamizi havikumsumbua kama mwaka ule. Njia ya kuaminika ni kupanda mahindi yatakayowekewa urea na yasiyowekewa katika shamba lilelile na siku ileile, kisha kuhakikisha kwamba tofauti pekee kati yao ni hiyo urea.

Mbegu iwe ya aina moja kutoka mfuko mmoja, mbolea ya kupandia iwe ileile kwa kipimo kilekile, na nafasi iwe sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo baada ya kupunguzia. Ukibadili mbegu na mbolea kwa pamoja, hutajua ni ipi iliyokupa mavuno. Anayetaka kujua yote mawili anahitaji ploti za aina nne: mbegu ya zamani bila urea, mbegu ya zamani na urea, mbegu mpya bila urea, na mbegu mpya na urea. Kwa anayeanza, swali moja linatosha.

Shamba lenyewe halilingani, na hapa ndipo majaribio mengi ya wakulima yanapoharibika. Palipokuwa na zizi mahindi hustawi hata bila mbolea, palipokuwa na kichuguu udongo ni tofauti, na chini ya mteremko hukusanyika rutuba na unyevu vilivyoporomoka kutoka juu. Epuka kwanza sehemu hizo za pekee pamoja na kivuli cha miti. Kisha weka marudio manne, kila rudio likiwa na ploti mbili zilizopakana, moja ya urea na nyingine isiyo na urea. Kama shamba lina mteremko, ploti mbili za rudio moja zikae kwenye usawa mmoja, na marudio yapangwe kutoka juu kwenda chini.

Ni ploti ipi ipate urea? Usichague wewe. Hata mtu mwaminifu huvutwa kuipa mbolea mpya kipande kizuri, kwa kuwa anataka ifanikiwe. Andika vikaratasi viwili, kimoja cha urea na kingine cha bila urea, vitie katika kofia, na upige kura upya kwa kila rudio. Kanuni hii ilitetewa kwa nguvu na mtakwimu Ronald Fisher, aliyeajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, ambako majaribio ya ngano yalikuwa yakiendelea tangu 1843 katika vipande virefu visivyo na marudio wala kura. Kumbukumbu za miaka mingi zilikuwapo, lakini haikuwa rahisi kutenganisha athari ya mbolea na athari ya udongo.

Kila ploti iwe na mistari sita yenye mashimo 20, yaani mita 4.5 kwa 6, au mita za mraba 27. Acha njia ya mita moja kati ya ploti ili mbolea isihame kwa maji au kwa mizizi. Ploti zote nane pamoja na njia zake hazifiki sehemu moja ya kumi ya ekari. Kipimo cha mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari ni sawa na gramu 330 kwa ploti, hivyo pima gramu 55 kwa kila mstari kwa mizani badala ya kukadiria kwa vidole. Weka urea wakati mahindi yanapofikia urefu wa goti, udongo ukiwa na unyevu, na ufukie, kwa sababu urea ikiachwa juu hupoteza naitrojeni hewani.

Palizi ya ploti zote ifanyike siku moja. Viwavijeshi wakionekana, nyunyiza ploti zote au usinyunyize yoyote. Nimeona mara nyingi ploti ya mbolea mpya ikipaliliwa mara tatu na jirani yake mara moja, na hapo jaribio limekwisha kabla ya mavuno.

Wakati wa kuvuna, acha mistari miwili ya pembeni na shimo moja kila mwisho wa mstari, kwa kuwa mimea ya pembeni hupata mwanga na nafasi zaidi. Mistari minne ya kati hukupa mita za mraba 16.2. Pukuchua, kausha na upime kila ploti peke yake. Ukitikisa punje na chumvi kavu katika chupa kavu na chumvi ikaganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na uzito wake utakudanganya. Kila kilo moja ya eneo hilo ni takriban kilo 250 kwa ekari.

Tuseme ploti zisizo na urea zimetoa kilo 4.1, 5.6, 4.4 na 5.0, na wenzake zenye urea 6.3, 7.0, 5.9 na 7.2. Ziada katika kila rudio ni 2.2, 1.4, 1.5 na 2.2, wastani wa kilo 1.8 hivi, sawa na kilo 450 kwa ekari. Lakini angalia: kama ungekuwa na ploti mbili tu, moja ya 5.6 na nyingine ya 5.9, ungesema urea haina maana. Na kama zingekuwa za 4.1 na 7.2, ungeisifu kupita kiasi. Ziada inayojitokeza katika marudio yote manne ina uzito. Ikitokea katika rudio moja tu huku mengine yakikaribiana, usiiamini kwa sababu tu wastani wake ni mkubwa.

Zidisha kilo hizo kwa bei ya mahindi sokoni kwenu, utoe gharama ya mfuko, usafiri na kibarua cha kuweka. Kinachobaki kinahusu shamba hilo na msimu huo wa mvua. Kabla ya kununua kwa ekari zote, rudia msimu unaofuata katika kipande kingine cha shamba hilohilo, kwa kura mpya.